Hesabu ya Bi Mwanasha

Kazini niliitwa Mbu. Kwenye faili nimeandikwa Omari, na nyumbani mimi ni baba Zainabu, lakini ndani ya maabara nilikuwa Mbu, na wengi wenu mmelitumia jina hilo bila kuuliza lilitoka wapi. Lilitoka kwa mgonjwa mmoja wa Tiwi, na huyo ndiye anayenikalisha chini kuandika.

Wiki iliyopita mliniaga kwa keki, soda na saa ya ukutani. Saa imesimama tangu Jumanne, kwa hiyo nina wakati wa kutosha. Katika hotuba, mmoja wenu alisema kwamba mzee huyu hajawahi kukosea slaidi hata moja. Mlipiga makofi. Nami nilipiga. Nilipofika nyumbani nikaona si vyema mtu aondoke na sifa isiyo yake. Vyeo na mishahara sitavigusa hapa. Vyote viwili vilikuwa vifupi. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na slaidi niliyoikosea.

Nilifika hospitalini kutoka Vanga nikiwa na cheti cha kidato cha nne na tai ya kuazima. Bendera mpya ilikuwa haijapauka bado. Nilitaka ukarani, kwa sababu karani hukaa na watu husimama. Karani aliyekuwapo aliitazama ile tai kwa muda, akasema, "Kiti hiki nimekikalia mimi. Maabara wanataka mtu. Unaogopa damu?"

Nikasema siogopi. Sikusema uongo, sikuwa nimewahi kuiona nyingi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimelala sakafuni, na tai imelowa maji ya ndoo.

"Amka, bwana," sauti ikasema juu yangu. "Damu yenyewe ni ya mwenzako, wewe unazimia ya nini?"

Huyo alikuwa Bwana Elija, Mtaita, mkuu wa maabara na mtu wake pekee. Mzungu aliyemtangulia alirudi kwao baada ya uhuru, akaondoka na ufunguo wa kabati la spiriti mfukoni. Uhuru wa nchi tulikuwa tumeshaupata. Wa kabati ulikuja miezi mitatu baadaye, kwa patasi ya seremala.

Miezi yangu ya kwanza nilikuwa mwosha slaidi. Nilizichemsha kwa sabuni, nikazisuuza, nikazipangusa kwa kitambaa cha shati kuukuu, na Bwana Elija akaziinua moja moja dirishani na kunirudishia nusu. Ninyi mnafungua pakiti mpya na kutupa. Sisi slaidi moja ilipita kwa watu wengi kuliko sahani ya harusi.

Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, nasi tuliiweka dirishani tukalikamata jua kwa kioo hicho. Wingu likipita, hospitali nzima ilikosa majibu. Wagonjwa wakinung'unika, Bwana Elija alitoa kichwa nje, akaonyesha juu kwa kidole, akarudi ndani.

Damu ya kuhesabu tuliinyonya kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo. Ulikuwapo mrija mwembamba wa kioo wenye alama, na kwenye ncha yake mpira mrefu wenye kishikio cha kutia kinywani. Unamchoma mgonjwa kidole, unanyonya polepole mpaka damu ifike kwenye alama, kisha unanyonya dawa yenye harufu ya siki inayoua chembe nyekundu na kuzibakiza zile nyeupe. Ukizubaa, unajua damu ya mwenzako ina ladha gani. Nimeijua mara mbili.

Ili kujua aina za chembe nyeupe, ilibidi uzihesabu mia moja, na ziko aina tano. Kimashine cha kuhesabia cha Mzungu kiliharibika, basi Bwana Elija alitumia kunde na vibakuli vitano vya udi. Jicho liko kwenye darubini, mkono unachukua kunde na kuitia kwenye kibakuli cha aina yake. Kunde mia zikiisha, unahesabu kila kibakuli. Njia hiyo sijapata kuona ikiharibika, isipokuwa siku mfagiaji alipozipika.

"Ninyi watu wa pwani," Bwana Elija alikuwa akiniambia, "mkifika hamsini mnatafuta kahawa."

"Nanyi Wataita mkifika hamsini mnaanza upya, kwa kuwa hamjiamini."

"Sawasawa kabisa. Maabara ni mahali pa mtu asiyejiamini."

Alikuwa na desturi mbili, na ninawaomba mzishike kwa sababu zitarudi. Ya kwanza: kila slaidi ilikuwa na alama mbili za damu, tone nene upande mmoja na utando mwembamba upande wa pili. Tone nene ni la kutafutia vimelea vya malaria, maana damu nyingi imerundikana mahali pamoja. Utando mwembamba ni wa kuziona chembe zenyewe sura zao. Kwake yeye, slaidi haikuwa imesomwa mpaka pande zote mbili zimesomwa, hata kama upande wa kwanza umekwisha kukupa jibu. Ya pili: hakuna slaidi iliyooshwa kabla ya mwaka kutimia. Zilikaa kwenye sanduku la mbao kwa mpango wa tarehe. Niliona ni uchoyo wa slaidi. Sikujua kwamba alikuwa ananitunzia ushahidi.

Mwaka wangu wa nne au wa tano ndipo alipokuja Bi Mwanasha.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kinywa chekundu kwa tambuu, na mikono ameifunika kwa leso kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa msusi wa mikeka. Wanawake wa Tiwi walinunua ukili wake, ile mishipi ya miyaa inayoshonwa kuwa mkeka, hata kama wao wenyewe walijua kusuka. Kisha viungo vya vidole vikavimba, vikapinda, na kwa mwaka mzima hakuweza hata kufunga kitasa cha mlango. Daktari bingwa wa Mombasa alimpa vidonge vya njano, azathioprini, dawa mpya kwetu wakati huo, akamrudisha hospitali yetu na daftari ili apimwe damu kila mwezi.

Daktari wetu, Daktari Karim, alimweleza mbele yangu. Alikuwa kijana wa Mombasa mwenye subira.

"Mama, askari wa mwili wako wamekosea adui. Wanapiga viungo vyako. Vidonge hivi vinawakalisha chini."

"Lo! Wa mkoloni wamekwenda, mimi wangu wamebaki vidoleni?"

"Ndiyo hao. Sasa wakikaa wote chini, ugonjwa wowote ukija hakuna wa kukulinda. Kwa hiyo lazima tuwahesabu. Na jingine." Alishusha sauti, kwa maana wakati ule neno hilo lilisemwa chini chini. "Askari hao hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Dawa hii ikitumiwa miaka mingi, kuna watu wachache ambao uboho wao huharibika, ukaanza kutoa askari wabovu, wengi, wasiojua kazi. Hiyo ni saratani ya damu. Ni wachache. Lakini ndiyo sababu kila mwezi huyu kijana atakuangalia damu. Akiona kitu mapema, tunasimamisha dawa mapema."

Bi Mwanasha alinitazama kuanzia viatu. "Huyu?"

"Huyu."

"Kwao wapi?"

"Vanga, mama. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nichome."

Nilimchoma, nikatia mpira mdomoni, nikanyonya. Aliangusha leso kwa kicheko.

"Wallahi mbu! Daktari, mmenitafutia mbu! Tena wa Vanga, wa kwenye mikoko!"

Bwana Elija aliyekuwa dirishani hakugeuka, lakini mabega yalitikisika. Mwisho wa wiki hiyo hata wapishi waliniita Mbu.

Daftari lake lilikuwa na visanduku nilivyovipiga kwa rula, kila mwezi kisanduku kimoja: tarehe, hesabu, sahihi yangu. Elfu tano na mia mbili. Elfu nne na mia nane. Elfu tano. Mwezi wa tatu vidole vilianza kufunguka. Mwezi wa sita alikuja na chane za miyaa kwenye kikapu, akakaa kwenye benchi akisuka huku akingoja zamu, na watu wakaacha kunung'unikia mawingu wakawa wanamtazama.

"Nitakusukia mkeka, Mbu," akaniambia. "Wa kulalia. Mtu hawezi kuoa juu ya gunia."

"Lini, Bi Mwanasha?"

"Mwezi ujao."

Mwezi ujao ulipofika, akasema mwezi ujao. Ukawa mchezo wetu. Nilioa juu ya mkeka wa dukani. Aliposikia alisema mkeka wa duka ndio unaozaa watoto wa kike wabishi, na Zainabu amelithibitisha hilo.

Miaka ikaenda. Hesabu zake zilikuwa nzuri mno hata nikaanza kuzijua kabla ya kuzipiga. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote katika kazi yetu, kujua kabla. Bwana Elija alistaafu, akarudi kwao Taita, akaniachia ufunguo, vibakuli vitano na sanduku la slaidi. Siku ya mwisho aliniambia, "Usijiamini sana, Omari." Nilidhani ni utani wetu wa kawaida. Nilimjibu kwa utani.

Mwaka wa saba wa vidonge, mvua za masika zilishuka kwa wiki nne. Wale wa umri wangu mnakumbuka malaria ilivyokuwa: benchi zilijaa, ukumbi ukajaa, watu wakalala chini ya paa la jiko. Nilikuwa peke yangu. Kwa kuwa jua lilikuwa haba, kila mwanga ulipotokea nilisoma slaidi kama mtu anayeanua nguo. Nilijizoesha njia ya mkato, na hakuna aliyenifundisha; niliibuni mwenyewe, nikajisifu kwayo. Nilisoma tone nene tu. Nikikuta kimelea cha malaria, naandika malaria, naweka slaidi sandukuni, nachukua nyingine. Upande wa pili sikuugusa. Wa nini, na jibu limekwisha kupatikana?

Asubuhi moja Bi Mwanasha akaja, kabla ya siku yake. Alikuwa amejifunga leso mbili na anatetemeka. Alikaa kwenye benchi bila kusuka. Kwa miaka saba sikuwa nimemwona akikaa pale bila kusuka, na nililiona hilo, na nikalipita.

"Umechoka, Bi Mwanasha."

"Nimechoka hata kutafuna. Tambuu yenyewe siku hizi inanichoma fizi. Leo nimeitema damu."

"Hiyo ni rangi ya tambuu."

"Mwanangu, mimi nimetafuna tambuu tangu mama yako hajazaliwa. Rangi yake naijua."

Nilicheka. Alikuwa na kinywa chekundu siku zote; nani angejua wekundu wa leo ni upi? Hilo ndilo nililojiambia baadaye, kwa miaka. Jibu ni kwamba yeye alijua, na aliniambia.

Daktari Karim alimgusa tumbo, akakuta bandama imevimba. Homa, bandama, masika: pwani yetu hayo matatu yana jina moja. Akamwandikia kipimo cha malaria, na chini yake akaandika pia hesabu ya mwezi. Nilitengeneza slaidi yake kwa desturi, tone nene na utando. Jua lilijitokeza. Kwenye tone nene, hata sikuzunguka sana, kimelea cha kwanza nikakiona, na cha pili.

Nilifurahi. Nataka mlijue hilo. Nilifurahi kama mtu aliyeona basi tupu.

"Bi Mwanasha," nikaita mbele ya watu wote, "leo mbu mwenzangu amenitangulia!"

Ukumbi ukacheka. Yeye pia akacheka, taratibu, akishika ubavu. "Ndugu nyinyi, mmenigawana."

Nikaandika malaria. Akasimama na karatasi yake, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Na hesabu je? Kisanduku changu?"

"Homa itaivuruga, Bi Mwanasha. Na watu unawaona. Acha damu itulie, tutahesabu mwezi ujao."

"Mwezi ujao kama mkeka wangu?"

"Kama mkeka wako."

Nikachukua daftari lake, na kwenye kisanduku cha hesabu nikaandika kwa wino neno malaria, kubwa, mpaka likajaza nafasi. Daktari naye alikuwa na watu wake ukumbini. Aliona neno hilo, akampa klorokwini.

Wiki tatu baadaye aliletwa na bintiye, Mwanaisha, amelala. Miguu ilikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau kama mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Homa ilikuwa haijaondoka. Nilimchoma kidole, na kile kidole hakikuacha kutoka damu mpaka nilipokikandamiza kwa dakika nyingi.

"Leo hata hunyonyi, inakuja yenyewe," akasema.

Nilipoitia damu kwenye kioo cha kuhesabia, nilidhani nimesahau kuizimua. Chembe nyeupe zilikuwa zimejaa kama mchele kwenye ungo. Nilirudia. Nikarudia tena. Kisha nikatengeneza utando mpya, nikautia rangi, nikavuta vibakuli vitano na kunde zangu. Ya kwanza niliyoiona haikuwa ya kibakuli chochote. Kubwa, changa, kiini kimejaa mpaka ukingoni. Ya pili vilevile. Sikuwa na kibakuli cha hizo. Niliziweka kunde kwenye kikombe changu cha chai. Nilipofika mia, vibakuli vyote vitano kwa pamoja vilikuwa na kunde kumi na nne. Zilizobaki zilikuwa kikombeni.

Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku.

Slaidi ya wiki tatu nyuma ilikuwa mahali pake, kwa mpango wa tarehe, kama Bwana Elija alivyonifundisha. Niliitazama kwanza upande wa tone nene. Vimelea vilikuwapo, hapo sikukosea. Na kuvizunguka, viini vya chembe nyeupe vilivyorundikana, vingi mno, ambavyo macho yangu yalivipita kwa kuwa hayakuwa yakivitafuta. Kisha nikageuza slaidi upande wa pili. Zote zilikuwa pale. Zilinitazama zile chembe changa, na mafuta ya darubini, yale tunayodondosha kabla ya kusoma, hayakuwa yamewahi kugusa upande ule. Ulikuwa safi kabisa.

Hakuna mtu aliyejua. Ningeweza kuiosha ile slaidi. Sabuni ilikuwa tayari inachemka. Sitawadanganya kwamba sikuitazama ile sufuria.

Nilizichukua slaidi zote mbili, nikampelekea Daktari Karim, nikamwambia nilichofanya. Alizisoma kwa zamu. Wingu likaja likapita, akazisoma tena.

"Na mimi niliandika hesabu, nikaona malaria, nikaridhika," akasema. "Tulikuwa wawili."

"Lakini slaidi ilikuwa mkononi mwangu."

"Ndiyo."

"Ni vile vidonge?"

"Huenda. Wengine huipata bila vidonge. Sitaweza kuapa."

"Wiki tatu zingebadilisha kitu?"

"Sijui, Omari. Na wewe hujui. Tulichomwahidi yeye ni kwamba tutaangalia."

Vidonge vya njano vilisimamishwa siku hiyohiyo, na mipango ya kumpeleka Mombasa ikaanza. Jioni kabla ya kupelekwa, niliingia wodini. Bintiye alikuwa akimpepea. Nilimwamkia, nikaanza kwa maneno mengi, nikayaacha, nikasema tu kwamba siku ile ya malaria ugonjwa huu ulikuwapo kwenye kioo, na sikuangalia upande wa pili.

Alinisikiliza amefumba macho.

"Ulipoiona malaria ulifurahi," akasema.

"Nilifurahi."

"Nilikuona. Ulifurahi kama mtoto. Kwa nini?"

"Kwa sababu foleni ilikuwa ndefu."

"Mm." Alifungua macho. "Basi kweli wewe mbu. Unamuuma mmoja, unamrukia mwingine."

Nilikaa nimeinama. Bintiye aliacha kupepea.

"Sasa umenuna," Bi Mwanasha akasema. "Mimi ndiye mgonjwa, wewe ndiye umenuna. Mwanaisha, mtazame huyu. Nipe mkono wako, Mbu."

Nilimpa. Vidole vyake vilikuwa bado havijapinda tena. Vidonge vilikuwa havijamtoka mwilini. Alinikamata kwa nguvu za msusi.

"Kunicheka hukukosea. Kunicheka nimekuzoeza mwenyewe. Umekosea kutohesabu. Usije ukachanganya, ukaanza kuwahesabu watu bila kuwachekesha. Mimi miaka saba nimekuja hapa kwa ajili ya yote mawili."

Mombasa walimwongezea damu, wakampa dawa walizokuwa nazo, na wakati ule hazikuwa nyingi. Niliambiwa kwamba vidole vilijikunja tena kabla ya mwisho. Alikaa miezi minne. Mkeka sikuupata, wala sikuustahili.

Tangu hapo nimesoma pande zote mbili. Mlinicheka kwa hilo. Najua mlikuwa mkiniigiza kwenye chumba cha chai: "Geuza, bwana, geuza!" Mwigizaji wenu hodari simtaji, lakini anajijua, na sauti yangu si nyembamba namna ile. Mlidhani ni uzee. Mlidhani pia kile kikombe kisichonywewa chai kilichokaa karibu na darubini miaka yote ni usahaulifu wangu. Hicho ni kibakuli cha sita.

Siku hizi wagonjwa wa vidonge vya kukalisha askari ni wengi zaidi: wa viungo, wa figo za kupandikizwa, wa magonjwa ya ngozi. Mashine zenu zinahesabu kabla mtu hajashusha mkono wa shati. Msiwatishe. Vidonge hivyo vilimpa Bi Mwanasha miaka saba ya mikeka, na kama angeulizwa sidhani angeirudisha. Mgonjwa asiambiwe na mtu wa maabara aache dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wake. Kazi yenu ni kisanduku. Mashine ikitoa hesabu ya ajabu, angalieni kwa macho. Mkipata mlichokuwa mkikitafuta, endeleeni kuangalia. Na mgonjwa akikwambia rangi ya tambuu yake anaijua, mwamini.

Arobaini ilipopita, Mwanaisha alikuja maabara na lile daftari, limefungwa kwa kipande cha ukili ambacho hakikumalizika. Alisema mama yake alitaka nilichukue. Nilidhani nalijua daftari lile. Visanduku vyote nilivipiga mimi. Sikuwa nimewahi kulifunua kurasa za nyuma.

Bi Mwanasha hakusoma shule, lakini alisoma chuo cha Kurani, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vizuri kuliko mwalimu wangu. Kumbe kila mwezi, akirudi Tiwi, aliweka na yeye hesabu yake, mstari mmoja. Nilisoma nimesimama. Leo Mbu kavaa shati la kuazima. Leo Mtaita kamkaripia Mbu, kisha kampa muhogo. Leo mkono umefunga kitasa, Alhamdulillahi. Leo Mbu kaoa, kakonda. Leo Mbu kapata binti, hakulala, kanichoma mara mbili. Kurasa na kurasa, miaka saba, na mimi ndani yake kama mtoto wa jirani anayekua mbele ya macho ya mtu.

Nikafika mwezi ule wa masika. Mwandiko ulikuwa umelegea, lakini ulisomeka.

"Nimemkumbusha hesabu yangu. Amesema mwezi ujao. Mbu ana watu wengi leo, masikini."